Kou Suyun, Mchonga Kalibu wa Shaojiawan (1950–2018)

Tarehe 9 Aprili 1950, siku ya Jumapili, nyumba ya Mzee Kou Dexin katika kijiji cha Koujiagou, wilaya ya Qishan, mkoa wa Shaanxi, iliamka na watu tisa: babu na bibi, baba na mama, ami mmoja ambaye hakuwa ameoa, na watoto wanne. Jua lilipofika utosini walikuwa kumi. Huyo wa kumi ndiye marehemu wetu, Bi. Kou Suyun, mtoto wa tano na kitinda mimba wa nyumba hiyo.

Baba yake alikuwa fundi wa kuziba masufuria. Alibeba mvukuto wake upande mmoja wa mpiko na makaa upande wa pili, akazunguka kijiji hadi kijiji kando ya mto Wei. Mtoto alipopata nguvu za kutembea, alifuatana naye. Mzee Dexin alikuwa na desturi ya kuigonga kila sufuria kwa ukucha kabla ya kuitazama, kisha akamwuliza bintiye, “Haya, hii ina nini?” Suyun alijibu, “Imepasuka chini,” au “Ni chafu tu, baba, waambie waioshe.” Wateja waliambiwa hivyo wakanuna, lakini waliosha.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1958, wanakijiji walipokuwa wakisawazisha mteremko wa mashamba, jembe liligonga kitu kigumu. Hilo kwa watu wa nyanda zetu si jambo la ajabu sana. Walichimbua chungu cha shaba cha miguu mitatu, ding ya kale, kikiwa kimejaa udongo hadi mdomoni. Wakati wakubwa wakibishana nani apelekwe wilayani kutoa taarifa, Suyun, aliyekuwa na umri wa miaka minane, alichuchumaa akaanza kusugua ubavu wa chungu kwa mkono wa koti lake. Yakatokea macho mawili ya duara, kisha pembe, kisha pua ndefu.

“Baba! Kuna mtu humu ananitazama!”

“Msalimie basi,” akasema Mzee Dexin. “Ni mkubwa wako.”

“Mbona hana kidevu?”

“Ameshakila.”

Jibu hilo lilimtosha kwa siku hiyo. Chungu kilipopakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe kwenda wilayani, alikifuata kwa miguu hadi darajani, akarudi nyumbani amevimba vidole kwa baridi. Mama yake alimpiga. Suyun mwenyewe alikuwa akisema kwamba kipigo hicho alikistahili, ila chungu angekifuata tena.

Alisoma shule ya msingi ya Koujiagou kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, kisha shule ya kati mjini Qishan hadi mwaka 1966, masomo yalipokatika kwake kama yalivyokatika kwa wenziwe wote. Alikuwa hodari wa jometri. Mwalimu wake alilalamika kwamba pambizo za kazi zake zilijaa mikunjo na macho, na kwamba mraba aliouchora ulikuwa sahihi lakini ulikuwa na pembe za ng'ombe. Baada ya shule alifanya kazi ya kilimo katika kikosi cha kijiji kwa miaka sita.

Tarehe 16 Januari 1973 aliolewa na Bw. Shao Yongnian wa Shaojiawan, mtunza tanuri katika karakana ya zana za kilimo. Walikuwa wamejuana kwa namna ambayo Bw. Yongnian hakuchoka kuisimulia. Suyun alikuja karakanani kuchukua plau ya kikosi chake, akapita mbele ya safu ya masufuria mapya ya chuma, akagonga moja kwa ukucha.

“Hii itapasuka.”

“Binti, hiyo nimeisubu mimi juzi. Haijaonja hata moto.”

“Basi iwashie.”

Aliiwashia, ikapasuka. Bw. Yongnian alikuwa akisema kwamba hapo alikuwa na njia mbili, kumchukia au kumposa, na kwamba kumposa kulikuwa rahisi zaidi kwa kuwa baba wa binti aliishi mbali. Walijaaliwa watoto wawili: Lirong, aliyezaliwa mwaka 1975, na Kexin, aliyezaliwa mwaka 1979.

Mwezi wa Machi 1978, wilaya ilipofungua karakana ya kutengeneza nakala za vyombo vya kale, wote wawili waliajiriwa, mume kwenye tanuri na mke kwenye udongo. Mwalimu wao alikuwa Fundi Dou Zhankui, mtu mfupi, mkali, mvuta kiko. Kwa vijana waliopo hapa ambao hawakuiona kazi hiyo, inafaa kueleza kwa kifupi. Chungu cha shaba hakichongwi juu ya shaba. Huchongwa ndani ya kalibu ya udongo, kinyumenyume, ili kilichozama kitokeze na kilichotokeza kizame. Kalibu huwa vipande vitatu vinavyokumbatia kiini cha udongo, na shaba iliyoyeyuka humiminwa katika uwazi mwembamba ulioachwa baina yao. Na chungu husubiwa kichwa chini, miguu juu. Wiki zake za mwanzo, Suyun alisahau jambo hilo la mwisho. Alichonga nyuso tatu za mnyama kwa uangalifu mkubwa, kila nywele mahali pake, na chungu kilipofumuliwa na kusimamishwa kwa miguu yake, wanyama wote watatu walikuwa wamesimama kwa vichwa.

Fundi Dou alikizunguka mara mbili, akatoa kiko mdomoni. “Hawa wako wamelewa, au ni mimi?”

“Ni mimi, Fundi,” akasema Suyun.

Baada ya hapo alizoea kuchonga akiwa ameinamisha shingo pembeni, na watu wengi wanaomkumbuka wanamkumbuka hivyo, sikio karibu na bega, kijiti cha mwanzi mkononi, akivuta mistari ya mraba iliyojikunja, ambayo mafundi huiita ya radi, bila kuinua mkono. Katika miaka kumi hapakuwa na mtu wilayani aliyempita kwa uso wa mnyama. Macho ya wanyama wake yalikuwa na njaa.

Sasa hatuna budi kuutaja mwaka 1986, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza utajwe.

Tarehe 23 Februari mwaka huo baba mkwe wake, Mzee Shao Tingfu, alikuwa akisherehekea miaka sabini. Suyun aliomba ruhusa ya karakana, akachonga chungu cha miguu mitatu, mumewe akakisubu, ili mchuzi wa tambi za umri mrefu upikwe ndani yake kama wakubwa wa kale walivyopika. Hakuna aliyewahi kupikia vyungu vya karakana. Vilinunuliwa kuwekwa mezani na kutazamwa. Walikijaza maji baridi, wakakiacha hadi kesho yake, na chini palikuwa pakavu. Moto hawakukiwashia, kwa kuwa katika nyumba ya akina Shao chombo kipya cha karamu ya umri huonja moto wa kwanza siku yenyewe, kwa ajili ya umri wa mwenye siku.

Wageni walikuwa zaidi ya thelathini. Moto uliwashwa baina ya miguu ya chungu, mchuzi ukachemka, mabakuli ya mwanzo yakatoka, watu wakala tambi na kuurudisha mchuzi chunguni kama ilivyo ada kwetu. Ndipo ikasikika sauti kama ya nyoka. Kisha nyingine. Kitako cha chungu kilikuwa kikitoa jasho mahali saba, matone yakawa michirizi, na kabla meza ya pili haijapata chakula moto ulikuwa umezimika kabisa, moshi na mvuke vikiwafukuza wageni uani.

Jirani, Bi. Ma Guilan, ambaye ulimi wake haujawahi kuchelewa, alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, “Jamani, chungu cha Mama Lirong ni kikojozi! Kileteeni nepi!”

Watu walicheka, na jina la Kikojozi likakaa. Suyun angeweza kulivumilia hilo. Aliloshindwa kulivumilia ni neno la mama mkwe wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli tupu mkononi, bila kucheka. “Umemzimia mzee moto wake,” alisema, akaingia ndani.

Mwezi uliofuata Mzee Tingfu alishikwa na kichomi. Suyun alimwuguza mwenyewe, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza, akamfulia, wala hakuruhusu mtu mwingine ampokee. Hakuna aliyemlaumu kwa maneno. Hakuna pia aliyesema kwamba halaumiwi. Mzee alipona. Na tangu hapo, kila siku yake ya kuzaliwa, mbele ya watoto na wajukuu, alikuwa akifungua vifungo vya koti lake na kuita, “Njoo uniangalie, mkwe wangu. Pamevuja popote?” Suyun alikuwa akimkagua mbele na nyuma kwa makini yote ya fundi na kutangaza, “Pakavu, baba.” Aliendelea kukauka hivyo hadi mwaka 2005, alipofariki usingizini akiwa na umri wa miaka themanini na tisa.

Kosa lenyewe la chungu Suyun alikuwa ameligundua wiki ile ile ya karamu. Ili kiini cha udongo kisisogee wakati wa kumimina, mafundi hutia katika uwazi vipande vidogo vya shaba, vipana kama ukucha wa kidole gumba, ambavyo karakana iliviita vishikizi. Shaba mpya huvizingira lakini haiungani navyo sawasawa, na moto ukiitanua, mwanya hufunguka. Ukitazama vizuri utaviona kama viraka. Kwa sababu hiyo desturi ya karakana ilikuwa kuvitia kitakoni, ambako mnunuzi hatazami, ili uso wa mnyama ubaki safi. Kwa chungu cha kutazamwa, hiyo ni busara. Kwa chungu cha kupikia, ni kutia mlango mahali moto unapobisha hodi. Suyun alikuwa amewalinda wanyama wake wasipate madoa, akaupa moto viraka saba.

Alijua dawa, wala hakuitumia kwa miaka thelathini na mmoja. Karakana ya wilaya ilifungwa mwaka 2001. Yeye na mumewe wakaendelea kwa tanuri dogo uani kwao, wakitengeneza vyungu vya kuwekwa katika kumbi za hoteli na meza za wakurugenzi. Vilisifiwa. Mtu akimwuliza kama vinaweza kupikiwa, alijibu, “Vinaweza kufutwa vumbi.”

Mwezi wa Mei 2015 alianza kukosa pumzi akipanda ngazi. Hospitalini Baoji alielezwa kwamba mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la udongo wa kalibu, na kwamba vumbi hilo halitolewi. Alirudi nyumbani na mashine ya hewa yenye mrija mrefu, akawa anaizunguka nyumba nayo, akiwagombeza wajukuu wanaoukanyaga.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2017, mumewe akikaribia miaka sabini, alimwambia wakiwa mezani, “Baba Lirong, siku yako nitakupikia ndani ya ding.”

Bw. Yongnian aliweka vijiti chini. “Na kikivuja?”

“Kikivuja utakula tambi zako baridi.”

“Sizungumzi tambi.”

“Najua unachozungumza,” akasema Suyun. “Mimi naondoka. Hilo halina mjadala. Lakini sitaki niondoke nikiogopa chungu.”

Binti yao Lirong alipinga kwa nguvu. Alijua, kama kila mtu wa nyumba hiyo alivyojua, kwamba moto ukizimika mara ya pili, katika siku ya sabini ya baba, mama yake angekwenda kaburini akiamini kwamba amemwachia mumewe kisirani. “Mama, tuagize chakula mjini. Tukodi hata sufuria yao.” Alipoona hasikilizwi, alinunua sufuria kubwa ya alumini kwa siri akaificha nyuma ya magunia ya mahindi.

Suyun alichonga kwa miezi mitatu, kwa vipindi vifupi, mrija wa hewa ukiwa umezungushwa sikioni. Alichora mkanda mmoja tu wa nyuso, sita, chini kidogo ya mdomo wa chungu, na kitako akakiacha kitupu kabisa. Siku ya kuunganisha kalibu, alimwelekeza mumewe atie vishikizi juu, ambapo mchuzi haufiki: kimoja katikati ya paji la kila uso.

Bw. Yongnian alisita. “Mama Lirong, nyuso hizi ndizo bora ulizopata kuchonga. Utawatia ndui.”

“Na iwe ndui. Ndui haizimi moto.”

Kilisubiwa kwa shaba na bati peke yake, bila chembe ya risasi, kwa kuwa kilikuwa cha kupikia. Kilitoka kizima, kizito, na wanyama sita wenye kiraka kwenye paji. Maji baridi hayakupita. Lakini maji baridi hayakupita mwaka 1986 pia, na kila mtu alilikumbuka hilo. Mwana wao Kexin alishauri wakiwashie moto kwa siri, mara moja tu, wajiridhishe. Mama yake alikataa: moto wa kwanza ulikuwa wa mwenye siku, na yeye hakuwa tayari kumwibia mumewe hata huo.

Tarehe 21 Oktoba 2017, siku ya Jumamosi, uani kwa akina Shao walikuwapo wageni arobaini na wawili. Mashine ya hewa iliachwa ndani, mbali na moto. Suyun aliketi nje bila hiyo, kwenye kiti cha mwanzi, blanketi magotini. Alikuwa ameigundua sufuria ya alumini asubuhi hiyo, akaamuru ichemshiwe maji ya kuoshea vyombo. Lirong alisema baadaye kwamba hakuwahi kuaibika hivyo mbele ya magunia.

Bi. Ma Guilan alikuja na mkongojo wake, akachagua kigoda kilicho karibu kabisa na chungu. “Nimeleta macho tu,” alitangaza. “Nepi sikuleta, siku hizi ni ghali.”

Moto uliwashwa. Mchuzi wa mifupa ulipasha taratibu. Siki na pilipili viliwekwa kutiwa bakulini, si chunguni, kwa kuwa siki na shaba hazipatani. Ulichemka. Mabakuli ya mwanzo yalitoka, mchuzi ukarudishwa, ya pili yakatoka. Watu walikula wakiwa wametega masikio, hata kelele za kufyonza tambi zikapungua. Suyun hakula. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni kwa mazoea yake ya zamani, akisikiliza.

Kisha ikasikika: *tss*.

Hakuna aliyetikisika. Kexin alibaki ameshika upawa hewani. Lirong alifumba macho. Suyun alisema kwa sauti ndogo, “Yongnian,” kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya mbele za watu, na mzee wa miaka sabini akapiga magoti ndani ya suti yake mpya, akaweka shavu karibu na ardhi, akachungulia baina ya miguu ya chungu. Alikaa hapo muda ambao kila aliyekuwapo ameuelezea kuwa mrefu.

*Tss*.

“Ni upawa!” alipiga kelele kutoka chini. “Ni upawa wa Kexin unaodondosha! Ondoa mkono wako hapo, bwege wewe, unataka kumwua mama yako?”

Kexin aliurudisha upawa chunguni. Sauti ikakoma. Bi. Ma Guilan aliinuka, akausukuma mkongojo wake chini ya kitako cha chungu, akaburuta majivu nje, akayachukua kwa vidole, akayasugua na kuyapuliza. Yalipeperuka.

“Pakavu,” alisema. Akamtazama Suyun. “Miaka yote hii nilikuwa na utani mmoja mzuri, Mama Lirong. Leo umeninyang'anya. Sasa nitaishi kwa kusema nini?”

“Utapata kingine,” akasema Suyun. “Mimi sina wasiwasi na wewe.”

Alicheka hadi pumzi ikamwishia, wakamkimbiza ndani kwenye mashine, na huko ndani akaitisha bakuli lake. Alikula mabakuli mawili. Lirong, aliyekaa naye, anasema kwamba mama yake alilala mchana huo kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, mdomo wazi, mpaka wageni wakamaliza kuaga.

Chungu kilipikiwa tena mwaka mpya, na majirani wakaanza kukiazima kwa karamu zao za umri. Mfanyabiashara mmoja kutoka mjini alikitaka, akashauri kitako chake kisuguliwe kwanza masizi yatoke. Suyun alimjibu kwamba akiyasugua masizi hayo, naye atasuguliwa. Mtu huyo alikunywa chai akaondoka.

Mwaka wake wa mwisho aliuishi kwa wepesi ambao uliwashangaza waliomfahamu. Mapafu hayakupata nafuu. Ila uso wake ulipata. Aliwafundisha wajukuu kugonga sufuria na kusikiliza. Mwezi wa Oktoba 2018 hakuweza tena kuinuka. Tarehe 6 Novemba, siku ya Jumanne, asubuhi, akiwa juu ya kitanda chake cha udongo, kile kinachopashwa joto kwa moto wa chini, ambao mumewe alikuwa ameuwasha mapema, alifungua macho.

“Umekula?” alimwuliza.

“Nimekula.”

“Umekula nini?”

“Tambi.”

“Mabakuli mangapi?”

“Mawili.”

“Haya basi,” akasema. Saa nne na robo alikata roho, bila kuhangaika, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mume, Bw. Shao Yongnian, miaka sabini na mmoja, ambaye moyo wake, kifua chake na hamu yake ya chakula ni vizima, binti, Lirong, na mume wa binti, mwana, Kexin, na mke wa mwana, wajukuu wanne, dada mmoja, Bi. Kou Sumei, na shemeji mmoja. Kazi yake imekwisha na imekwisha vizuri. Alale sasa kwa raha. Waliobaki ni watu kumi na mmoja, wote wazima.